Bia ya Ndoo: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza na majirani zake, na karibu zote zinauliza juu ya seti ya kutengenezea bia nyumbani. Kwa ambaye hajaiona: ni kopo la rojo zito la kimea cha shayiri lililokwisha kutiwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu wake), kwa kawaida kilo 1.7, na chini ya kifuniko chake kuna pakiti ya hamira ya gramu 5 hadi 7. Pamoja na kopo huja ndoo ya plastiki ya lita 25 au 30 yenye bomba chini, kilango cha hewa kinachotiwa maji ili gesi itoke bila hewa kuingia, haidromita (kijiti cha kioo cha kupimia sukari) na mashine ya mkono ya kubania vizibo. Wengine wameletewa na ndugu aliyerudi safari, wengine wameagiza mtandaoni. Karatasi ya maelekezo iliyomo imeandikwa kwa watu wenye nyumba za baridi, na ukiisoma ukiwa chini ya bati la Mwanza lazima uirekebishe. Majibu mengi hapa chini ni marekebisho hayo.

Wahariri, salaam. Nilifuata karatasi neno kwa neno. Bia imetoka na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na nyuma yake kuna kitu kama thina ya rangi. Glasi mbili tu, kichwa kinaniuma hadi kesho yake. Chumba ni cha bati, mchana hufika nyuzi 28. Kimeharibika nini?
*Msomaji, Nyakato*

Ndugu yetu, hakuna kilichooza. Hamira yako ilifanya kazi katika joto lisiloifaa. Hamira ya kawaida ya seti hizi hutoa ladha safi bia ikiwa kati ya nyuzi 18 na 22. Ikipita 25 huanza kutoa harufu za matunda, na ikikaribia 30 hutoa alkoholi nzito, ambazo ndizo hiyo thina yako. Na joto la chumba silo joto la bia. Hamira ikiwa kazini hutoa joto lake yenyewe, hivyo katikati ya ndoo huwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya hewa ya chumbani. Chumba cha 28 maana yake bia ya 31 au zaidi.

Kosa la kwanza, hata hivyo, huwa limeshafanyika kabla hamira haijatiwa. Karatasi inasema yeyusha rojo kwa maji ya moto kisha jazia maji baridi ya bomba. Kule ilikoandikwa, maji ya bomba ni baridi kweli. Huku yanatoka na nyuzi 25 au 26. Piga hesabu: lita 4 za mchanganyiko wa nyuzi 70, ukiongeza lita 16 za maji ya nyuzi 26, unapata ndoo ya lita 20 yenye karibu nyuzi 35. Ukinyunyiza hamira hapo, utaharibu ladha usiku huohuo wa kwanza, kwa sababu harufu hizi mbaya nyingi hutengenezwa katika saa 72 za mwanzo, hamira inapozaliana.

Fanya hivi. Siku moja kabla, chemsha maji lita 16, yafunike, yaache yapoe, kisha yaweke kwenye friji ndani ya chupa na madumu safi. Siku ya kazi, yeyusha rojo na sukari kwenye lita 3 za maji ya moto, koroga hadi chini pasibaki kitu, halafu uketishe sufuria ndani ya beseni la maji baridi mpaka mchanganyiko ushuke kufika nyuzi 40. Maji yako ya friji yakiwa na nyuzi 17 au 18, ndoo nzima itatua kwenye 22. Pima kwa kipimajoto; mkono haufai, maana nyuzi 30 kwenye ngozi husikika kama maji ya uvuguvugu usio na neno.

Kazi hii ifanye jioni. Usiku wa Mwanza hushuka hadi nyuzi 17 au 19 miezi mingi ya mwaka, na hiyo ni baridi ya bure. Ndoo ikae kwenye sakafu ya saruji, chumba kisichopigwa na jua la mchana, ndani ya beseni pana lenye maji yanayofika angalau nusu ya kimo cha bia. Izungushie kitenge chakavu au fulana ya pamba ambayo ncha yake imezama majini, ili maji yapande kwenye kitambaa na kukauka hewani. Asubuhi tumbukiza beseni chupa mbili za lita 1.5 zilizoganda barafu, jioni badilisha nyingine mbili. Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, kitambaa peke yake huteremsha nyuzi kadhaa. Machi hadi Mei hewa imejaa unyevu, kitambaa hakikauki vizuri, na hapo barafu ndiyo inayofanya kazi. Siku 4 za mwanzo ndizo za kulinda kwa nguvu zote. Baada ya hapo bia ikipanda hadi 24 haina madhara, tena inaisaidia hamira kumaliza.

Kama umeme wa mtaani kwenu haukuruhusu kugandisha barafu, badilisha hamira, sio mazingira. Kuna hamira ya mashambani ya Norwe iitwayo kveik. Ile ya Voss inafurahia nyuzi 35 hadi 40 na haitoi thina. Kuna pia hamira za Ubelgiji za aina ya saison zinazovumilia nyuzi 30 na zaidi, zenye ladha ya pilipili manga na matunda. Kwa mtu wa nyumba ya bati sisi tunapendelea kveik waziwazi. Saison nyingine huendelea kula sukari polepole kwa wiki nyingi, na hilo ni hatari kwenye chupa kama utakavyoona katika barua inayofuata.

Bia uliyonayo sasa, iache chupani wiki nne. Ndizi itapungua kidogo, thina haitaondoka. Kuhusu kichwa, kilevi chenyewe kinatosha kukiuma, hasa kwa asiyekunywa maji. Kunywa glasi ya maji kwa kila glasi ya bia.

Wahariri wangu, nisaidieni. Chupa saba kati ya arobaini zimepasuka usiku chumbani, kioo kimefika hadi kwenye neti ya mtoto. Nilijaza siku ya saba kama karatasi inavyosema, nikatia kijiko cha chai cha sukari kila chupa. Zilizobaki nizifanyeje?
*Mama, Igoma*

Pole sana, mama. Kabla ya sababu, tuanze na usalama. Usiziguse kwa mikono mitupu. Vaa koti zito, glovu nene na miwani, na watoto wawe nje ya nyumba. Zifunike na gunia lililoloweshwa kisha uzihamishe moja moja, bila kutikisa, kwenye friji. Baridi hushusha mgandamizo na kuilaza hamira. Zikishapoa usiku mzima, inua ukingo wa kizibo kidogo kwa opena huku chupa imefunikwa kitambaa, sikia gesi ikitoka, rudisha kizibo kipya. Rudia kesho yake. Kama huna friji ya kutosha, zipeleke nje mbali na watu, ndani ya pipa lenye mfuniko, na uzihesabu kuwa zimepotea. Bia ya elfu kadhaa si kitu mbele ya jicho la mtoto.

Sasa sababu, nazo ni mbili zilizokutana.

Ya kwanza ni siku ya saba. Hamira haijui kalenda. Anayejua kama imemaliza ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Sukari ikiwa nyingi kinaelea juu, ikiliwa kinazama. Kwenye maji matupu ya nyuzi 20 husoma 1.000, na ni vizuri uanze kwa kuhakikisha chako kinasoma hivyo. Bia ya seti huanza karibu na 1.040 na humalizia kati ya 1.008 na 1.012. Unachota kipimo, unakitikisa kutoa gesi, maana mapovu huinua kijiti na kukudanganya, unasoma, unaandika. Baada ya siku 3 unarudia. Namba zikiwa sawa kabisa, na ziko chini ya 1.012, jaza chupa. Zikitofautiana hata kwa nukta moja (0.001), subiri. Bia yako ikiwa na nyuzi 28 wakati wa kupima, ongeza 0.002 kwenye unachosoma, kwa sababu vijiti vingi vimetengenezwa kwa nyuzi 20.

Kwa nini tunang'ang'ania nukta ndogo hivyo? Bia ya kawaida hubeba gesi ya kaboni mara 2.4 hivi ya ujazo wake, yaani chupa ya nusu lita imefungia lita 1.2 za gesi. Kila 0.001 ya sukari iliyobaki ikaliwa ndani ya chupa huongeza karibu nusu ya ujazo. Ukifunga kwenye 1.014 bia ambayo ilikuwa imalizie 1.010, umeongeza ujazo mara mbili juu ya ile 2.4, na chupa ya bia haikutengenezwa kubeba 4.4.

Ya pili ni kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi, kilichojaa kwa mlima hufika 6 au 7. Chupa ya nusu lita inataka gramu 3.2 tu. Tena vijiko arobaini vya mkono havilingani, ndiyo maana saba zimepasuka na nyingine zimenusurika. Achana na kijiko. Pima sukari yote kwa mara moja kwa mizani: gramu 6.5 kwa lita, yaani gramu 130 kwa lita 20. Ichemshe dakika 5 katika maji mililita 300, ipoe, imimine kwenye ndoo ya pili iliyo safi, kisha uteremshe bia juu yake kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa umelala chini kabisa ili bia izunguke kimyakimya bila kurukaruka. Mashapo yabaki ndoo ya kwanza. Koroga taratibu mara tatu kwa mwiko uliochemshwa. Jaza chupa kwa mrija wa kujazia wenye vali chini, na uache nafasi ya sentimita 3 juu.

Chupa nazo zichague. Za kahawia za nusu lita, zile za kurudisha kwenye kreti, zenye mdomo unaohitaji opena, ndizo zinazofaa, na vizibo vya milimita 26 huzikaa vizuri. Yenye ufa mdomoni, kovu jeupe shingoni au mkwaruzo mrefu, itupe. Katika kila ndoo jaza chupa moja ya plastiki ya soda. Ndiyo kengele yako: ikibinyika, gesi bado, ikiwa ngumu kama jiwe la Capripoint, zote zipelekwe friji. Ya plastiki iwe ya soda kweli, kwa kuwa ile ya maji ya kunywa haikutengenezwa kwa gesi.

Na zisihifadhiwe chumba cha kulala. Kreti, gunia zito juu, kona ya stoo, mlango umefungwa.

Kilango cha hewa kimenyamaza tangu juzi, hakitoi hata povu moja. Nimwage?
*Kijana wa Nyegezi*

Usimwage. Mara nyingi mfuniko wa ndoo haukubana sawasawa na gesi inapita pembeni. Fungua, angalia ukutani juu ya bia: ukiona pete ya povu kavu la kahawia, hamira imefanya kazi au inaendelea. Kisha pima kwa haidromita. Ikiwa namba haijashuka hata kidogo baada ya saa 48 tangu utie hamira, hapo ndipo tatizo lipo, na tunalieleza chini. Kinyume chake, povu likipanda hadi kwenye kilango na kumwagika, kiondoe, chomeka mpira mpana mahali pake na uzamishe ncha ya pili kwenye chupa ya maji. Kilango kilichoziba huweza kurusha mfuniko.

Hamira ya kwenye kopo haikuamka. Je, naweza kutia hamira ya kuumulia maandazi?
*Msomaji, Buzuruga*

Inawezekana, na bia itachacha, kwa kuwa hamira ya mikate na ya bia ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini ya mikate ilichaguliwa kwa kutoa gesi haraka, haikuchaguliwa kwa ladha wala kwa kutulia. Bia itabaki na ukungu wiki kadhaa, itanukia unga, na vijidudu vya uchachu vinavyoishi humo kwa kawaida vinaweza kuitia ukali baada ya mwezi. Kwa ndoo ambayo vinginevyo ingeharibika, itumie, gramu 11, na uinywe mapema.

La msingi ni kuuliza kwa nini hamira ilikufa. Pakiti ile imekaa chini ya kifuniko cha kopo ndani ya kontena bandarini, kisha kwenye lori, kisha kwenye rafu ya duka lenye joto. Angalia tarehe ya kopo kabla hujanunua. Rojo lililozeeka huwa jeusi na bia yake hubaki na ladha ya wino. Pakiti ukishaipata, iweke friji. Siku ya kutumia, ijaribu kwanza: inyunyize juu ya maji yaliyochemshwa yenye nyuzi 30 hadi 35, uzito wa maji uwe mara kumi ya hamira, iache dakika 20. Ikiwa hai itakuwa uji mzito wenye harufu ya mkate. Ikibaki imezama kama mchanga, imekwisha. Sisi tunashauri kila mmoja awe na pakiti moja ya akiba ya gramu 11 kwenye friji. Ni ndogo, ni nyepesi kutumiwa kwa posta, na ndiyo inayookoa ndoo nzima.

Wanangu, karatasi inataka kilo moja ya dekstrosi, ile sukari ya glukosi. Huku Nansio haipo. Nitie sukari ya dukani, au sukari guru? Tena bia yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi mdomoni kama maji ya mtungi.
*Mzee, Ukerewe*

Shikamoo mzee wetu. Sukari ya dukani inafaa kabisa. Gramu 900 zinakaa mahali pa kilo ya dekstrosi. Ila maswali yako mawili yana jibu moja. Sukari huliwa yote na hamira ikageuka kilevi na gesi, haiachi uzito wowote mdomoni. Kinachoacha uzito ni kimea. Na karatasi ilikwambia ujaze hadi lita 23.

Hesabu iko hivi. Kopo la kilo 1.7 katika lita 23 linakupa nukta 22 kwenye haidromita (yaani 0.022), na kilo ya sukari inakupa 17, jumla 1.039, na karibu nusu yake ni sukari tupu. Ishia kwenye lita 20 na utie sukari gramu 800. Kopo linatoa 25, sukari 15, unaanza na 1.040 au 1.041. Ikimalizia 1.009, toa: 0.032 mara 131 ni asilimia 4.2 za kilevi, na yenye uzito mdomoni kuliko ile ya lita 23. Ukiweza kupata rojo jingine la kimea lisilo na hopsi, weka kilo moja badala ya sukari yote. Hapo ndipo utasema hii ni bia. Usiweke makopo mawili yenye hopsi, kwa maana uchungu nao utakuwa mara mbili.

Sukari guru ina ladha yake ya moshi na miwa. Gramu 200 ndani ya bia nyeusi zinapendeza, kwenye bia ya rangi ya dhahabu zinaifunika. Asali nayo huliwa karibu yote, kama wanavyojua wapika wanzuki, hivyo usiitegemee kuongeza utamu.

Juu ya bia kuna utando mweupe kama wa maziwa, na inanukia siki. Ndoo niliosha vizuri na steel wire.
*Dada, Kirumba*

Dada yetu, hiyo steel wire ndiyo imekuponza. Imekwaruza plastiki, na ndani ya mikwaruzo vijidudu hujificha mahali ambapo dawa haifiki. Ndoo ya bia huoshwa kwa sifongo laini na sabuni isiyo na manukato, basi.

Mahali pa pili pa kuangalia ni bomba la ndoo. Watu wengi hawajui kuwa linafunguka. Livute au lizungushe, litatoka vipande viwili, na ukiona ute wa kahawia katikati yake umempata mwizi. Lioshe kwa brashi, kila ndoo, kila mara. Baada ya usafi ndipo dawa: kuua vijidudu kwenye uchafu ni kazi bure. Dawa rahisi ni jiki isiyo na harufu ya maua, mililita 15 kwa lita 4 za maji baridi, vyombo vilale humo dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala na dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Wenye dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa wafuate kipimo cha chupa yake.

Harufu ya siki hasa huletwa na vijidudu vinavyohitaji hewa, na wabebaji wao ni vile vijinzi vidogo vya matunda. Kwa hiyo ndoo isikae jikoni penye ndizi na maembe, na usifungue mfuniko kila siku kuchungulia. Zile siku ambazo wadudu wa ziwani wanaingia mjini kama moshi na kufunika taa, usihamishe bia wala kujaza chupa usiku, subiri asubuhi.

Ulichonacho sasa, kama ni utando mweupe tu, hakitakudhuru, lakini hakitarudi kuwa bia. Ukiona manyoya ya kijani au meusi, mwaga bila kuonja. Ndoo iliyokwaruzwa ibadilishie kazi. Unaponunua nyingine, chukua ya chakula, mpya. Ndoo iliyotoka na rangi ya nyumba haifai hata ukiiosha mwaka mzima, na iliyobeba mafuta ya kula hunyima bia povu lake.

Bia ina ladha ya plasta ya kidonda. Maji ni ya bomba, safi kabisa.
*Msomaji, Pasiansi*

Ni safi kwa sababu yametiwa klorini, na klorini ikikutana na kimea na hamira huzaa ladha hiyo hata ikiwa kidogo mno. Chemsha maji yote dakika 15 bila kufunika, au yaache wazi kwenye beseni pana usiku kucha, juu yake chandarua. Wakati mwingine chanzo ni jiki isiyosuuzwa vizuri. Maji ya kuchota ziwani moja kwa moja usiyatumie kwa kazi yoyote ya bia, hata ya kusuuza chupa, bila kuyachuja na kuyachemsha. Kichocho kimo humo.

Kipimajoto changu kinagoma kwenye 96, maji yanachemka kabisa. Kimeharibika?
*Mwanafunzi, Bwiru*

Kizima. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 hivi za kupanda hupunguza nyuzi moja ya kuchemka. Nyuzi 96 inaua vijidudu vya bia vilevile.

Mume wangu anaogopa kuwa bia hii inaweza kupofusha macho kama gongo mbaya. Ni kweli?
*Mama, Mkuyuni*

Mwambie baba atulie. Kinachopofusha ni methanoli. Kimea na sukari vikichacha hutoa kiasi kidogo mno, kisichodhuru, sawa na bia ya dukani. Watu hupofuka na kufa kwa vinywaji vikali vilivyochanganywa na spiriti ya viwandani, au vilivyokenekwa ovyo. Bia ya ndoo haikenekwi. Anayefikiria kuikeneka aache: ni hatari ya moto, na sheria haimruhusu. Kuuza bia hii nako kunahitaji leseni, hata kwa jirani. Kumkaribisha glasi nyumbani ni jambo jingine.

Chupa zangu zimekaa siku tano, nimefungua moja, haina gesi hata kidogo. Na chini kuna tope.
*Msomaji, Buswelu*

Siku 5 ni chache. Ziache siku 14 kwenye joto la chumba, nyuzi 22 hadi 26, zikiwa zimesimama na gizani, kwa sababu mwanga wa jua huipa bia harufu ya kicheche kwa dakika chache tu, hasa kwenye chupa za kijani na nyeupe. Usiziweke friji mapema, hamira italala kabla haijatengeneza gesi. Kisha friji siku 3, ili gesi iingie vizuri ndani ya bia.

Baada ya siku 14 zikiwa bado hazina gesi, pindua chupa moja juu chini ndani ya ndoo ya maji. Mapovu yakitoka mdomoni, mashine yako haibani. Kizibo kilichokaa sawa hakizunguki ukikishika kwa vidole; kikizunguka, kibanie tena ukiisukuma mikono ya mashine mpaka mwisho, chupa ikiwa juu ya sakafu tambarare na wala si mezani panapoyumba. Kama hazivuji na zote hazina gesi, huenda sukari ilisahaulika: fungua, tia kipande kimoja cha sukari ya vipande cha gramu 3, bania kizibo kipya, anza kuhesabu siku 14 upya.

Tope ni hamira iliyotulia, na huwa kwenye kila chupa iliyotiwa gesi hivi. Mimina kwa mwendo mmoja kwenye glasi iliyoinamishwa, simama ukibakiza kidole kimoja cha bia chini. Ukiinua na kushusha chupa mara kwa mara, linapanda lote.